Mbuzi Wale Wasifike Kabuku

Kambi ya mkonge, Mkumbara,
kwa njia ya Korogwe.
Mwezi wa Rajabu.

Kwa dada yangu Mwanahamisi binti Mhina, Kwedizinga, Handeni.

Bismillahi. Shikamoo dada. Naitanguliza shikamoo hii mbele ya maneno yote, kama ningekukuta umekaa mlangoni na ungo wako mapajani. U hali gani, lumbu wangu? Kifua kimekuachia? Na lile goti linalokusumbua mvua zikinyesha? Sisi huku tunaamka, tunaswali, tunakula tunachojaliwa. Nikiandika kwamba hatujambo nitakuwa nimeandika kwa adabu tu, na wewe ndiye uliyenilea mama alipotutoka. Kwako siwezi kuvaa uso wa sikukuu.

Mwalimu Athumani, wewe unayemsomea dada barua hii, nakusalimu kwa heshima. Naomba usome polepole. Na kabla hujaendelea, watoto na majirani watoke nje kidogo, maana humu mna mambo ya ndani ya nyumba yangu.

Dada, Saidi muuza mikeka amefika, na salamu zako ametupa zote, na mhogo mkavu tumeupokea. Alisimama uani akaigiza sauti yako: "Mwambieni Omari sijafa! Meno ya kutafunia mahindi ya kuchoma bado ninayo!" Mke wangu Zaina akacheka. Mimi nikamtazama tu, kwa kuwa kicheko chake kilikuwa kimepotea siku nyingi. Kisha Saidi akatoa na ile habari nyingine: kwamba mbuzi wako wawili wametupa mimba, na umeshawatenga, na njia ikikauka utawahamishia zizini kwa mwanao Asha kule Kabuku. Na kwamba mtoto wa kwanza watakayemzaa huko atakuwa wa akika ya mjukuu wako, maana Asha mwenyewe ni mjamzito na tumbo limeshakuwa kubwa.

Kicheko cha Zaina kilikatika palepale. Akaniambia, "Andika. Andika sasa hivi, Saidi asiondoke mikono mitupu."

Usiwapeleke, dada. Nakuomba kwa haki ya titi tulilonyonya, mbuzi wale wasifike Kabuku. Kama wameshatoka, mtume mtu awakimbilie njiani awarudishe. Neno langu ni hilo. Mengine yote nitakayoandika ni sababu yake, ili usidhani kwamba mdogo wako amekaa na manamba wa mkonge hadi amesahau kwao.

Najua ya mama, wala sijayasahau. Mbuzi akitupa mimba, mama alisema ameichukia ardhi ya zizi lile. Humpeleka kwa ndugu au rafiki, akanywe maji mengine, alale na wenzake wengine, asahau. Akizaa salama, mtoto wa kwanza ni wa mwenyeji, na mbuzi mwenyewe hurudi kwao. Na kweli huzaa! Tumekua tukiona hivyo, wewe na mimi, tukimswaga mbuzi kwenda kwa mjomba na kurudi naye amenona. Kama wasingezaa, watu wangeshaacha zamani. Basi kuzaa kwao ndiko kulikotuponza.

Mwaka jana, vuli zilipoanza, alitushukia Mzee Shemweta. Huyu ni Msambaa anayekaa mlimani, juu ya kambi yetu, na ni mtani wangu. Hatujapata kukutana bila kutukanana. Alikuwa anamvuta mbuzi jike mwekundu, sikio moja jeupe.

"Ewe Mzigua," akaniambia, "nimekuletea mgeni. Kwangu ametupa mimba. Nikafikiri, nani hapa chini hana chake cha kupoteza? Nikakukumbuka wewe."

Nikamjibu, "Msambaa akikuletea mbuzi, akishaondoka hesabu vidole vyako."

Tukacheka sana. Dada, hayo maneno ya utani nikiyakumbuka leo mwili unanisisimka.

Aliyepokea kamba ni Zaina. Akamlambisha chumvi mkononi mwake, akamwambia yule mbuzi, "Karibu Mgeni. Hapa hakuna anayekujua. Sahau." Na jina likawa hilo hilo, Mgeni. Akalala na wetu katika kile kibanda kilichoegemea ukuta wa chumba chetu, ambamo tulikuwa na mbuzi kadhaa na kondoo wachache, tuliojaliwa kidogo kidogo. Mimi alfajiri huwa nimeshakwenda kuanika nyuzi za mkonge. Mifugo ilikuwa mikononi mwa Zaina. Nasema mikononi, na baadaye utaona kwa nini.

Mgeni akashika mimba. Wakati huo huo, dada, Mungu akatukumbuka na sisi. Hilo hukuambiwa. Zaina alipata mimba baada ya miaka yote ile ya kukaa kimya, tangu yule binti yetu aliyechukuliwa na surua. Hatukukuletea habari. Yeye aliogopa macho ya watu, mimi nilitaka nije nikuambie kwa mdomo wangu nione utakavyopiga vigelegele. Siku moja ya mapumziko tulikwenda Korogwe, akaingia dukani kwa Mhindi, akachagua mbeleko nyekundu yenye pindo jeusi. Nikamwambia, "Mbona mapema?" Akasema, "Nikiiona sandukuni naamini." Akaikunja akaiweka chini kabisa.

Mgeni alipofikia kuzaa, alishindwa. Mtoto alikuwa amelala upande. Zaina akapaka mafuta ya nyonyo mkono hadi karibu na kiwiko, akaingiza, akamgeuza. Akatoka mmoja, akatoka na wa pili, pacha, wote wazima, wanatikisa masikio. Wanawake wa kambi walikuwa wamejaa mlangoni. "Mkono wa Zaina una baraka!" Zaina mwenyewe amelowa maji ya uzazi nguo nzima, anacheka, tumbo lake linamzuia kuinama.

Mzee Shemweta alishuka kuona. "Wa kwanza kutoka ni wako, Mzigua, ndivyo ilivyo. Ila nani aliyeona yupi katoka kwanza?"

"Mwenye sura mbaya ndiye wako," nikamwambia, "mmefanana."

Mtoto wa mtu hucheka namna hiyo, na msiba umeshakaa jikoni kwake unaota naye moto.

Haukupita muda mrefu, mbarika wetu mweusi akatupa mimba, mimba yake ya kwanza. Tukasema labda amepigwa pembe. Akafuata wa pili, na wa tatu. Watoto walitoka wamekamilika, wameshaota manyoya, macho wamefumba kama waliolala. Kondo la nyuma lilichelewa kutoka, na likitoka ni nene kama ngozi iliyolowekwa, lina harufu. Kisha ikaingia kwa kondoo. Yule kondoo wetu wa mkia mnene alizaa mmoja aliye hai lakini mnyonge. Zaina akamweka karibu na mafiga, akamfunika upande wa kanga yake, akawa anamdondoshea maziwa mdomoni kwa kidole. Adhuhuri sijarudi, ameshakufa. Nilipofika nilimkuta Zaina bado amempakata.

Wote aliwazika yeye, na makondo aliyavuta kwa mkono. Na tulimtazama Mgeni na pacha wake wanaoruka huku na huku, tukasema afadhali huyu mmoja ana bahati. Dada, hatukumshuku hata kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa faraja yetu.

Hapa ndipo nilipoogopa kufika.

Zaina alishikwa na homa. Akatetemeka, viungo vikamuuma. Tukasema ni malaria ya masika, akameza kwinini. Homa ikapanda. Bibi mkunga wa kambini akaitwa, na nikatolewa nje, nikakaa kwenye kizingiti cha jirani nikishika tasbihi bila kujua nasoma nini. Hakuna sauti ya mtoto iliyotoka. Mkunga alipofungua mlango alinishika bega tu.

Alikuwa mwanamume, amekamilika kucha na nyusi. Hakuvuta pumzi. Mwalimu wa msikiti wetu wa udongo hapa kambini alisema kwa umri ule aoshwe, avikwe sanda na apewe jina, basi nikampa jina la baba yetu. Kwa hiyo unaye mpwa wako anayeitwa Mhina, dada, amelala nyuma ya msikiti, karibu na ua wa minyaa. Nilimbeba mwenyewe. Hakuwa na uzito wa kumchosha mtu, lakini mikono inaniuma hadi leo.

Innalillahi. Sikukufuru, wala Zaina hakukufuru. Alichotupa Mungu ni chake. Ila midomo ya watu haikutupumzisha. Wale wale waliosifu mkono wake waligeuka. Kisimani akasikia mmoja anamwambia mwenzake, wala si kwa kunong'ona, "Mkono ule kila unapogusa mimba inatoka. Hata wa kwake haukumwonea huruma." Kwenye maulidi alikwenda kusaidia kukanda unga, mwanamke mmoja akaufunika mtungi wake kanga Zaina alipopita. Zaina akanawa mikono, akarudi nyumbani. Tangu hapo akawa anakaa amekalia mikono yake, dada, kama mtoto aliyekatazwa. Nikimpa kikombe ananiambia, "Weka chini." Hata yeye mwenyewe alianza kuwaamini.

Kisha akaja bwana mifugo. Ni Mpare, kijana mpole, anatumwa na Wazungu wake wa Korogwe. Hakuja kwa ajili yetu. Mbuzi wa mchinjaji wa kambi nao walikuwa wanatupa mimba, na nyapara akapeleka habari. Alipita zizi hadi zizi akiuliza. Kwetu alimwona Mgeni akasimama.

"Huyu ametoka wapi?"

Nikamweleza yote, na zile desturi zetu. Nikangoja anicheke. Hakucheka. Aling'oa jani akalitafuna, akasema, "Hata kwetu Upare wanafanya hivyo. Mama yangu anafanya." Kisha akaniambia kwamba kuna ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza. Mbuzi akiupata, aghalabu hutupa mara moja; baadaye hubeba na kuzaa kama kawaida, hata angebaki zizi lile lile. Lakini hubaki nao. Siku ya kuzaa, maji yake na kondo lake humwaga ugonjwa zizini, na wenzake wenye mimba hupokea. "Mnadhani mnamponya kwa kumhamisha," akasema. "Yeye alikuwa ameshamaliza zamu yake. Mnachohamisha ni ugonjwa."

Nikauliza swali ambalo ulimi ulikuwa mzito kulitoa. "Na mke wangu? Alimgeuza mtoto kwa mkono. Alikuwa na mimba."

"Mzee wangu, mimi ni wa mifugo, siwezi kuapa juu ya mtu. Homa ziko nyingi. Lakini sisi tumefundishwa kwamba mwanamke mjamzito asikaribie mbuzi au kondoo anayezaa au anayetupa mimba. Asiguse maji yale, wala kondo, wala hata nguo iliyolowa. Yako magonjwa ya namna hii ambayo humpata hata mtu."

Zaina alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Akatoka. Akamwuliza yule kijana, akiinua mikono yake kama anayeonyesha kitu sokoni, "Kwa hiyo si mkono wangu?"

"Si mkono wako, mama. Kilichokuwa mkononi."

Alilia siku ile, dada, kilio ambacho hakukilia kaburini. Nikamwacha alie.

Mzee Shemweta alishuka kumchukua mbuzi wake, maana muda wa kumrudisha ulikuwa umepita. Nikamwambia Mgeni harudi mlimani wala haendi kokote, bwana mifugo amekataza, na pacha wake pia. Akadhani ni utani.

"Mbuzi kazaa pacha, unaniambia mgonjwa? Mgonjwa ni wewe, Mzigua. Sema umempenda, nikuoze."

"Mzee, si utani leo."

"Lini Mzigua amepata kurudisha mali ya mtu?" Akaanza kufungua mlango wa zizi. Nikamshika mkono, nikamwongoza hadi nyuma ya msikiti, nikamwonyesha. Yeye tangu masika alikuwa hajashuka, hakuwa na habari. Nikamweleza pale pale tumesimama. Alivua kofia. Kisha akasema, "Mkwe wangu wa pili ana mimba, huko juu. Ndiye anayefagia zizi langu." Akakwea mlima bila mbuzi na bila kuniaga, anakwenda haraka kuliko umri wake. Baadaye alituma salamu kwamba mkwe amehamia kwa shangazi yake. Bado hajajifungua. Kila baada ya swala namwombea mtoto yule kama wa kwangu.

Simlaumu mzee. Alitupa kile ambacho mama alimpa kila mtu: msaada. Wala wewe usijilaumu, lumbu wangu, kama mwaka jana ulimpokea mbuzi wa mtu. Na huenda wako wametupa kwa njaa tu, au kwa kukimbizwa na fisi. Bwana mifugo alisema sababu ziko nyingi na kwa macho hazijulikani. Lakini sisi tulijifunza kwa kaburi. Nisingependa wewe ujifunze hivyo.

Basi wakae hapo hapo kwako, wasiende kwa mtu, wala usipokee wa mtu. Akitupa mwingine, tumia jani la mgomba kushikia, wala si mkono mtupu, uchimbe shimo la kina, utie kila kitu humo pamoja na majani aliyolalia, umwage majivu, uweke miiba juu mbwa wasifukue. Maziwa yachemke hadi yapande. Mwalimu wetu anasema dini yetu tangu zamani imefundisha mwenye wanyama wagonjwa asiwachanganye na wazima, na mji wenye tauni watu wasiingie wala wasitoke. Tulikuwa tunaisoma, ila tulidhani ni habari ya watu wa mbali.

Sasa lililo zito zaidi. Najua Asha ni mimba yake ya kwanza na desturi ni arudi kwako kujifungua. Umemwandalia kitanda, Saidi ameniambia. Dada, asije. Mbuzi wako wanalala ukuta mmoja na kitanda hicho. Nenda wewe kwake. Oga, vaa nguo safi ambazo hukuvaa zizini, mwachie shemeji mifugo, uende Kabuku ukakae naye hadi Mungu amfungue. Watu watasema Mwanahamisi amekwenda kuzalisha ugenini kama hana nyumba. Waache waseme. Mimi na Zaina tumeshasemwa sana, na bado tunaishi.

Akika usiihofie. Nitatafuta beberu mzima mbali na huku na nitamchinja mwenyewe, nyama ikaliwe na mayatima. Nitumie jina la mtoto tu.

Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie ile kofia aliyonishonea bado naswalia. Nisalimie mjomba Hamisi muadhini wetu. Huku adhana zote nazipima kwa yake. Nisalimie Bibi Mwantumu aliyenifundisha kukamua, na mkwe wako, mume wa Asha, mwambie asiipokee kamba ya mbuzi yeyote, hata akiletewa na mimi.

Saidi anabeba kifurushi kidogo pamoja na barua hii. Ni ile mbeleko. Zaina anasema ni ya Asha, haijapata kubeba mtoto. Usishangae ukiiona imepauka kama kitu cha zamani. Haijazeeka. Tangu Saidi alipotaja tumbo la Asha, ameichemsha kwa maji ya majivu, akaianika, akaichemsha tena, na leo asubuhi nimemkuta ameirudisha motoni. Nikamwambia, "Zaina, imetosha, rangi yote imetoka." Akasema, "Rangi si kitu. Mimi niliishika."

Mungu akulindie aliye tumboni.

Ni mimi mdogo wako,
Omari Mhina.